Digrii Nane Nilizozikata

Mwanangu Mwende,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali. Yako naijua. Uko sebuleni, hatua ishirini kutoka hapa, umekaa chini kwenye mkeka unasukwa nywele, na kila baada ya muda nasikia ukimlalamikia mama yako kwamba anavuta. Mimi niko kwenye kibanda changu cha kutengeneza fimbo za gofu nyuma ya nyumba. Nimefunga mlango, nimewaambia namalizia kazi ya mteja. Hakuna mteja. Nakuandikia wewe.

Mambo ya pasipoti, sweta, na kupiga simu ukifika, mama yako amekuambia tangu Jumatatu na kesho asubuhi atakuambia tena mpaka mlangoni pa uwanja wa ndege. Sitayarudia. Mimi nina jambo moja, na nitalisema sasa hivi kabla sijapata nafasi ya kulizunguka. Siku ile ya mashindano, miaka mitano iliyopita, ulipokwama mchangani kwenye banka la shimo la kumi na nane, mikono yako haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye fimbo. Na fimbo niliiharibu mimi, kwa tupa yangu, hapa kwenye meza hii ninayoandikia. Halafu nikakuacha uamini kwamba ni wewe.

Kesho unaenda Afrika Kusini kusomea gofu, na umewaambia chuoni kwamba unataka kundi la kufundisha watoto, si kundi la wachezaji. Wamesema kubadilisha ni wiki ya kwanza tu. Najua kwa nini umechagua hivyo. Umechagua kwa sababu ya maneno niliyokuambia siku ile, na maneno yale yalikuwa uongo. Nikikuacha upande ndege nayo, nitakuwa nimekuumiza mara ya pili, na safari hii sitakuwa na mtu wa kumsingizia.

Mtu wa kumsingizia ninaye kwa ile mara ya kwanza. Umesikia kicheko hicho? Ndiye huyo. Anko wako Kioko amekuja kukuaga, ameleta asali, amekalia kiti changu, na nasikia anamwambia mama yako kwamba yeye alijua tangu zamani kuwa utafika mbali. Nikisikia sauti yake, hasira inanipanda. Lakini nitaeleza kwa utaratibu, maana nataka uelewe kila kitu, na hasira yangu si njia nzuri ya kueleza.

Nianze na baunsi. Najua unaijua, wewe umefaulu mitihani ya mambo haya. Lakini mara ya kwanza nilikufundisha nusu, na hiyo nusu iliyobaki ndiyo iliyotuangusha.

Ukigeuza fimbo ya mchanga ukaitazama kitako, unaona kwamba makali ya mbele hayako chini kabisa. Kilicho chini ni tumbo la nyuma. Kiasi ambacho lile tumbo limeshuka chini ya makali, kinachopimwa kwa digrii, ndicho baunsi. Likiwa kubwa, fimbo haizami, inateleza mchangani na kutoka na mpira. Likiwa dogo, fimbo inapenya kama jembe. Kwa hiyo nilikufundisha: mchanga mwingi na laini, chukua baunsi kubwa, mchanga kidogo juu ya murram, chukua baunsi ndogo, la sivyo fimbo itadunda na kuupiga mpira katikati ya tumbo, nao utaruka greeni yote, zile nyasi fupi penye bendera, uende kwenye magari ya wanachama. Hayo ni kweli. Kila kedi anayebeba mabegi ya wachezaji kwenye barabara ya Namanga anaweza kukuambia hayo huku anatafuna muwa.

Nusu ya pili sikuifundisha kwa sababu sikuwa nimeitilia maanani. Kabla hujauliza mchanga ukoje, uliza mkono unashuka vipi. Kuna watu wanaofagia na kuna watu wanaochimba. Wewe unachimba, Mwende, na si kosa, ni namna ulivyojifunza. Ulijifunzia kwenye kiwanja kile nyuma ya kanisa, kwenye udongo mweusi wa Kitengela ambao kiangazi unapasuka mpaka mbuzi anaingiza mguu. Banka lako la kwanza lilikuwa shimo nililolichimba mimi na kulijaza mchanga uliobaki kwa jirani aliyekuwa anajenga. Ulikuwa na miaka tisa. Kila mara fimbo ilipogusa ule udongo ilirudi juu na kukuumiza vidole, basi ukajifunza kupiga chini kwa nguvu, kwa hasira kabisa, na kuangalia juu kwa ushindi mpira ukitoka. Mtu anayepiga hivyo hupewa baunsi kubwa na huachiwa hiyo hiyo. Ukimpa baunsi ndogo, hata mchanga ukiwa wa wastani, anajizika.

Na baunsi kubwa ulikuwa nayo. Ile fimbo ya baunsi ya digrii kumi na nne niliyopewa na mzee mmoja niliyembebea begi miaka mingi, alipoacha kucheza kwa sababu ya mgongo. Unakumbuka ulivyokuwa ukilala nayo? Mama yako aliiweka nje ya mlango, asubuhi akaikuta tena kitandani.

Sasa kwa Kioko.

Mashindano yalikuwa Jumamosi, na nafasi ilikuwa moja tu, ya kambi ya vijana, mwaka mzima na mwalimu wa kweli. Watu wote walijua kwamba wanaoweza kuipata ni wawili: wewe na Nduku wa Kioko. Mlikuwa mmekua pamoja kama mapacha, mkivaliana mpaka soksi, na mimi nilisema wazi kwa kila mtu kwamba akishinda yeyote, ni nyumba yetu imeshinda. Nilimaanisha. Nilikuwa mjinga, lakini nilimaanisha.

Jumatano Kioko alikuja hapa. Wakati ule ndiye alikuwa mkuu wa nyasi kwenye uwanja wenyewe, mtu wa kujua kila shimo limekula nini na limelala vipi. Alikaa kwenye kile kigoda cha plastiki, akapewa chai.

"Shemeji," akaniambia, "nimekuja kukuambia kitu juu ya vile Mwende ni msichana wangu pia. Hizo banka za kumi na nane zimeisha mchanga. Ni murram tupu. Mvua ilibeba yote."

"Si mtaongeza kabla ya Jumamosi?"

"Wapi! Komiti haina haraka. Na hiyo fimbo yenu ya tako kubwa, aki itamuaibisha mtoto. Itadunda hapo mpaka ucheke."

Nikamuuliza kama ninaweza kukuleta Ijumaa ujaribu. Akasema uwanja utafungwa, wanapiga nyasi dawa. Akamaliza chai, akaongezewa, akamaliza tena. Kisha akakuita kutoka jikoni, akakuwekea mkono kichwani, akakuombea. Mimi nilifumba macho na kusema amina. Mpaka leo, katika yote, hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine, kwamba alikuombea.

Alhamisi ukiwa shuleni niliibana fimbo yako kwenye vaisi. Nilifanya kazi toka asubuhi mpaka saa nane. Tupa kwanza, kisha msasa, kisha kitambaa na mafuta, nikipima, nikitoa, nikipima tena. Nilikata digrii nane. Kumi na nne ikawa sita. Ilikuwa kazi safi, nakuambia ukweli, pengine kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya hapa. Nambari imepigwa mhuri upande wa kisigino ambapo tupa haikufika, kwa hiyo ilibaki pale pale ikisema kumi na nne. Nilipaka rangi kidogo mahali palipong'aa. Uliporudi jioni ukaichukua, ukaipangusa kwa sketi ya shule, ukairudisha kwenye begi.

Utauliza kwa nini sikukuambia. Nimejiuliza miaka mitano. Mimi nilikuwa kedi kwa miaka kumi na tisa, na kedi hufundishwa jambo moja kabla ya mengine yote: usimpe mchezaji wasiwasi unaoweza kuubeba wewe. Kama upepo umegeuka lakini fimbo uliyompa bado inafaa, nyamaza. Kama begi lina mpira mmoja tu uliobaki, nyamaza, omba asiupoteze. Wachezaji walinipenda kwa hilo. Waliposema "huyu ana roho tulivu," ni kwamba nilikuwa sisemi. Basi nikakufanya wewe mteja. Nilidhani nakulinda. Nilisahau kwamba mteja akimaliza mashimo kumi na nane anaenda zake, lakini wewe unarudi nami nyumbani.

Jumamosi nilikubebea begi. Ulicheza vizuri mpaka nikaogopa. Kufika shimo la mwisho ulikuwa umemwacha Nduku kwa mapigo mawili, na pigo lako la pili likaangukia banka la kushoto. Si jambo la kutisha. Ulikuwa umetoka kwenye shimo la nyuma ya kanisa mara elfu.

Ukashuka ndani, ukasimama, ukazungusha viatu kujiweka sawa. Kisha ukanitazama.

"Baba," ukasema polepole ili wengine wasisikie, "huu mchanga ni mwingi. Unameza kiatu."

Nikatazama. Ulikuwa mchanga mpya wa mtoni, mweupe wenye wekundu kidogo, umechungwa vizuri, haujawahi hata kunyeshewa. Murram ya nini? Nikainua macho, nikamwona Kioko ng'ambo ya greeni amesimama na reki ya kusawazishia mchanga. Hakunitazama. Alikuwa anatazama viatu vyako.

Nilijua papo hapo, Mwende. Sikuhitaji kuambiwa na mtu. Na nataka usome hapa taratibu: dawa nilikuwa nayo mdomoni. Ukifungua uso wa fimbo sana, ukaulaza kabisa uangalie mbinguni, tumbo la nyuma linashuka, na hata fimbo iliyokatwa inarudishiwa baunsi kiasi. Sheria inaruhusu kedi kumwambia mchezaji wake hivyo. Maneno ni machache tu. "Fungua uso kabisa, fimbo nimeikata." Hayo tu.

Lakini kuyasema ni kukiri mbele ya watu kwamba nilikata fimbo ya mtoto wangu bila kumwambia, kwa maneno ya mtu aliyenifanya bwege. Ningeweza hata kusema fungua uso bila kueleza, lakini ungeniuliza kwa nini, maana siku zote nilikukataza. Nikaona aibu. Nikasema, "Piga vile umezoea."

Ukapiga vile umezoea. Fimbo ikazama. Ukapiga tena, ikazama. Ya tatu ikasogeza mpira hadi ukingoni, nao ukarudi taratibu kwenye alama ya kiatu chako. Ya nne ukatoka. Nduku akamaliza kwa mapigo yake ya kawaida, akakushinda kwa pigo moja, akaanza kulia kukuzidi wewe. Kioko akaweka reki chini, akamkumbatia, kisha akaja kukukumbatia wewe pia. "Pole, mama. Gofu ni gofu," akasema. Mimi nilikuwa nimeshika bendera.

Njiani, tukiwa tumefika karibu na Isinya, ndipo uliponiuliza, "Baba, nimefanya nini?"

Nilikuwa na barabara yote mpaka Kitengela ya kukujibu vizuri. Nikasema, "Mikono yako ni mizito. Mchanga unataka mikono myepesi. Wengine huzaliwa nayo."

Hayo ndiyo maneno yenyewe. Sijui uliyabeba vipi, lakini mimi nayakumbuka mpaka nukta ya mwisho. Ulitazama mikono yako, ukaiweka chini ya mapaja, ukaikalia.

Wiki mbili baadaye nilienda Bisil sokoni kununua mbuzi wa Pasaka. Kabla ya soko kuna mto mkavu ambako malori hupakia mchanga. Nilisimama pale kwa sababu roho ilikuwa inanikataza kupita. Kulikuwa na mwanamume mmoja amevaa shuka juu ya jezi ya mpira, ameegemea koleo.

"Supa," nikamsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa. Unataka lori?"

"Nauliza tu. Hii mchanga inaendaga mpaka kwa golf?"

Akacheka. "Hiyo tulimaliza. Huyo Kioko wa nyasi alitusumbua kabisa! Ati tuchunge na wavu, ati anataka ile laini pekee yake. Tulipeleka Monday, ile wiki ya game ya watoto."

Jumatatu. Na kwangu alikuja Jumatano. Mchanga ulikuwa umelala siku mbili kwenye banka alipokuwa amekaa kwenye kigoda changu anakunywa chai yangu, anasema mvua ilibeba yote. Sikununua mbuzi siku ile. Niliwaambia bei ilikuwa mbaya.

Nilimfuata Kioko kazini. Nilimkuta anasafisha mashine ya kukata nyasi, na nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, hata ngumi nilikuwa nimeiandaa, nakuambia ukweli. Hakukana. Angekana, labda ningemchukia tu na kumaliza.

"Kila mtu anatafutia mtoto wake," akasema. "Mwende wako anajua kucheza, atapata nafasi ingine. Nduku hana ingine. Hii ilikuwa yake ya mwisho, najua mtoto wangu."

"Kioko, ulimuombea. Ulimshika kichwa."

"Na nilimaanisha. Lakini wacha nikuulize. Mimi nilikuambia mchanga. Nilikuambia ukate chuma? Mimi niko na tupa?" Akapangusa mikono. "Enda umwambie. Lakini ukimwambia, umwambie pia nani alikata. Na umwambie kwa nini ulinyamaza pale, juu nilikuona. Ulijua."

Akanifunga hapo. Alijua kwamba sitaweza kumtoa yeye hadharani bila kujitoa mimi. Ni ndugu wa mama yako, tumbo moja, na mama yako anamwamini kuliko anavyoniamini mimi katika mambo mengi. Basi nikarudi nyumbani na kunyamaza, na yeye akaendelea kuja hapa Jumapili kula. Nilimpitishia bakuli la mboga. Nilicheka utani wake. Watu walisema sisi ni mashemeji wa kuigwa.

Ningekuwa nimekosea mpaka hapo tu, pengine ningekuambia mwaka ule ule. Lakini wewe uliendelea kufanya mazoezi na ile fimbo. Miezi miwili, kila siku baada ya shule, ulichimba lile shimo la nyuma ya kanisa ukijaribu kulegeza mikono isiyokuwa na ugonjwa. Mimi nilikuwa nakuona kupitia dirisha hili linaloangalia kanisa. Ungeweza kusema ningekutafutia fimbo nyingine. Ninazo hapa, zinaning'inia, za kila baunsi. Lakini ukipewa nyingine ukatoka mchangani mara moja, ungejua. Kwa hiyo nilikuacha. Siku uliposema hutaki tena gofu, nilijifanya kukusihi, na ndani nikapumua. Kesho yake niliikata ile fimbo vipande viwili, nikakuambia nimeiuza.

Nimeandika hayo na nimeyasoma tena. Sijui baba gani anapumua mtoto wake akiacha kitu anachokipenda. Ni mimi.

Miaka miwili ukakaa bila kushika fimbo. Kisha mwalimu mmoja wa gofu akakuomba umsaidie na watoto wa shule likizo, akakuazima fimbo zake za zamani, na siku moja ukarudi umejaa furaha unasema mchanga umekukubali. Ilikuwa fimbo ya kitako kinene, bila shaka. Nilijua kabla hujamaliza kueleza. Wewe hukuangalia kitako, uliangalia juu. Jumapili iliyofuata ukasimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba mikono yako ilikuwa mizito na Mungu ameilegeza. Kanisa zima likasema amina. Na mimi nikasema amina, mbele ya Mungu anayejua tupa yangu ilifanya nini.

Nilifikiri jambo hilo limepita. Umerudi, unacheza, unafundisha, acha lizikwe. Mpaka hivi majuzi uliponiletea karatasi za chuo nizisome kama kuna makosa. Pale walipouliza kwa nini hukushindana miaka miwili, umeandika kwa mwandiko wako mzuri: *Niligundua kwamba sina mikono ya kushindana, lakini naweza kuwasaidia wengine wasivunjike moyo.* Ukaniuliza kama sentensi imekaa sawa. Nikasema imekaa sawa.

Si wewe tu uliyelipia. Nduku aliimaliza ile kambi kwa machozi. Mwenyewe aliniambia mwaka jana nilipopita kwenye saluni yake kule Kware, Rongai. Alisema hakuwahi kuipenda gofu hata siku moja, aliicheza kwa sababu baba yake alimtazama kama nguzo inayoshikilia nyumba. Alisema, "Uncle, ile siku mimi nilijua Mwende ndiye mzuri. Sijui nini ilifanyika." Usimkasirikie, hajui kitu. Baba yake alikuibia wewe ili ampe yeye kitu ambacho hakukitaka. Nikifikiria hilo, hasira yangu inakosa hata mahali pa kukaa.

Ninamchukia Kioko? Ndiyo. Nilikuwa nataka kuandika kwamba nimemsamehe, ingependeza kwenye barua ya namna hii, lakini nitakuwa nimeanza uongo mwingine. Ukiwa na adui anayekutukana barabarani, unampisha. Huyu aliniuliza habari za mtoto wangu huku anapima atamwangusha vipi. Na mimi nikamfanyia kazi yake, bure, kwa ufundi wangu wote. Lakini nimejifunza kitu kuhusu kuchukia kwangu: nimekuwa nikimchukia yeye mara mbili, mara moja kwa alichofanya na mara ya pili ili nisijitazame. Yeye alidanganya mara moja. Mimi nimedanganya kila siku, kwa miaka mitano, nikiwa nimeketi mezani nawe.

Ukifika huko watakupa fimbo nyingi za kuchagua. Usiniulize mimi. Usimuulize hata mwalimu kwanza. Ingia mchangani na fimbo tatu, piga kila moja mipira kumi, na utazame alama inayobaki, kama ni shimo au ni mkwaruzo. Ile inayoacha mkwaruzo mrefu na mwembamba ndiyo yako, hata ikiwa na nambari gani. Na nambari yenyewe, ipime. Usiamini mhuri wa mtu, awe nani.

Mikono yako ni mizuri. Ilikuwa mizuri ukiwa na miaka tisa, ilikuwa mizuri ukiwa na kumi na sita, siku ile ilifanya kila kitu nilichoifundisha, na chuma kikaisaliti kwa sababu mimi nilikifundisha kusaliti. Ulitoka kwenye banka lile kwa mapigo manne na fimbo ya digrii sita kwenye mchanga mpya wa mto. Nimebeba mabegi ya watu wengi, na wengi wao wangeondoka na gari wakauacha mpira humo. Unaweza kushindana. Kama utaamua kufundisha, fundisha kwa sababu unapenda watoto, si kwa sababu ya baba yako aliyeona aibu kusema maneno machache.

Kuhusu mama yako, sijui atafanya nini akijua ya kaka yake na yangu. Pengine kesho nitarudi kutoka uwanja wa ndege kwenye nyumba ambayo haina mtu wa kunisemesha. Nimeliwaza hilo na bado naandika.

Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii na kuificha ndani ya begi lako, uikute ukiwa juu angani. Nilikuwa nimeshachagua hata mfuko wa pembeni. Kisha nikaona ninachofanya: nachagua siku na mahali ambapo sitauona uso wako. Hiyo ni kazi ya Kioko, ya kusimama ng'ambo na reki.

Kwa hiyo nafunga kalamu, nakuja sebuleni. Nitakupa mkononi, mbele ya mama yako na mbele ya Kioko, na nitavuta kigoda nikae hapo unaposoma. Sitatoka. Ukifika kwenye mstari huu niko mbele yako, Mwende. Nitazame, halafu useme unachotaka.

Baba yako.